Jumatatu za Wafua Mataulo

Usiku ule, yaani huu ulioisha sasa hivi, Bibi alikuja nguo zimemlowa chapachapa, na nilipomwamkia shikamoo hakuitikia.

Naandika haraka kabla hayajanitoka. Bibi ni mama yake mama, tulimzika mwaka juzi. Ujanani alikuwa akifua mataulo ya klabu ya wazungu pale ziwani, ambayo siku hizi ni hoteli yenye ukuta. Leo saa nne hoteli inafanya sherehe, na mimi ndiye nitakayewasomea wageni historia ya ziwa: jinsi watu walivyoanza kuja kupumzika, mashua, mashindano ya kuogelea, mpaka leo. Nilichaguliwa kwa sababu insha yangu ilishinda shuleni. Naogopa kusimama mbele ya watu kuliko kitu chochote, lakini si hilo lililomleta Bibi.

Alikaa kitandani kwangu, daftari langu mkononi. Anasoma kwa kidole, neno moja moja. Kidole kikafika pale. Nilijua tu ni pale.

"Soma hapa," akasema.

Nikasoma: "Kabla ya klabu, wenyeji waliliogopa ziwa na hawakujua kuogelea."

"Nani aliogopa?"

Jibu nilikuwa nalijua. Bibi alinisimulia mwenyewe, tena si mara moja. Kila Jumatatu klabu ilifungwa, wazungu wamerudi mashambani kwao, wafuaji wamebaki na mataulo ya Jumapili. Wakishayaanika, walifunga khanga vifuani, wakapanda ubao wa kurukia, wakaruka. Insha yangu ya kwanza ilikuwa na hayo yote. Meneja wa hoteli ndiye aliyeyakata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake sentensi ile. Akacheka, eti, "Binti, wageni hawaji hapa kusikiliza habari za madobi." Madam wa Historia alikuwepo, akaniangalia aone nitasemaje. Nikasema sawa. Sawa! Wala hakunilazimisha mtu.

Kuta za chumba hazipo tena. Tuko ziwani, jua la saa saba, mataulo meupe yametandazwa kwenye majani mpaka sioni yanapoishia. Wanawake sita wamepanga mstari kwenye ubao, Bibi akiwa wa saba. Wote walishakufa, nawajua kwa picha ya Bibi iliyoko kabatini. Yule mnene, Mama Josefu, ananinyooshea kidole.

"Ndiye huyu anayesema tunaogopa maji?"

"Ndiye," Bibi anajibu. "Wa kwangu huyo. Mkono wa kuandika anao, mdomo ndiyo hana."

Wanacheka, na si kicheko cha kunipenda. "Mjukuu wa huyu hajui kuogelea!" anasema mwingine. "Mpeni beseni akaoge!" Mama Josefu anaruka, ubao unalia, maji yananipiga usoni.

Hapo nikapandwa na hasira. "Ningejifunzia wapi?" nikapiga kelele. "Ukuta umeingia mpaka majini! Tukisogea tu tunafukuzwa!"

Mimi huyu, ambaye darasani nalijua jibu na bado nainamisha kichwa.

Kicheko kikakatika. Bibi bado amekasirika, ila haniangalii mimi tena, anaangalia nyuma yangu. Nageuka. Ukuta unakuja, unatembea juu ya mataulo, unayameza moja baada ya jingine. Wanawake wanaruka. Nasubiri vichwa vyao viibuke, haviibuki. Maji yametulia kabisa, kama hakuna aliyewahi kuyagusa. Amebaki Bibi peke yake kwenye ubao.

"Bibi, ngoja!"

"Mimi nimeshakufa mara moja," anasema. "Usinifukie tena kwa karatasi. Wataje."

Akaruka. Nikaamka nikiwa nimeng'ata shuka.

Mama alikuwa sebuleni ananipigia pasi sketi ya shule. Nikatoa picha kabatini nikamuuliza, "Mama, hawa waliitwa nani?" Kwanza akasema ana haraka. Kisha akaiweka pasi pembeni, akawataja mmoja mmoja, kidole kwenye kioo cha picha, mpaka akafika kwa mama yake.

"Huyu alikuwa anaruka kwa kichwa," akasema. "Wenzake wote walitanguliza miguu. Hilo nalo liandike."

Nimeliandika. Sentensi ya meneja nimeikata mpaka karatasi imetoboka, na majina saba yako mahali pake. Atanipokonya maiki, najua, labda hata mbele ya wageni. Basi nimeyahamishia majina mwanzo kabisa, kabla ya "Ndugu mgeni rasmi", ili mpaka anifikie niwe nimeshamaliza.