Mpiga Ngoma wa Treme

Mpiga ngoma kubwa wa bendi yetu ya Treme, mtaa wa Weusi hapa New Orleans, hugonga toazi kwa waya wa kutundikia nguo, na mgeni akija humtazama viatu kwanza. Jumapili alikuja Kirsten, Mzungu kutoka Minnesota, akaomba kupiga tarumbeta kwenye gwaride letu la kuzunguka mitaani.

“Mjomba, hata huyu?” alinung'unika mpiga tromboni. “Nyimbo zetu si Wazungu wameshazichukua?”

“Wamezichukua,” akajibu mpiga ngoma, “wakaenda kuzipiga wamekaa vitini. Huyu atatembea.”

Tulitembea tangu adhuhuri, akina mama wakicheza nyuma yetu. Tulipofika kwenye daraja la barabara kuu, Kirsten alikuwa akichechemea, lakini hajaacha kupiga. Mpiga ngoma akavitazama tena viatu vyake.

“Dada,” akasema, “Jumapili ijayo vaa soksi nene.”