Bloku ya Upande wa Kibla

Fundi Mtoro wa Magomeni, Bagamoyo, hakuwa na desturi ya kutia alama injini. Yenye tabo, yaani kile kipulizio kinachosukumia hewa ndani ya injini kwa nguvu, aliilaza upande wa kibla wa uwanja wake. Isiyo na tabo aliilaza upande wa bahari. Waliomcheka aliwajibu kwamba kibla hakihami.

Mwaka jana aliletewa magari mawili ya spidi ya aina moja, yote bloku, yaani miili ya injini yenye pistoni, zimepasuka. La Ezmina, binti wa Taher mwenye duka la rangi, lilikuwa na tabo. La mwalimu Khamis halikuwa nayo. Mtoro alileta bloku nyingine mbili kutoka Dar es Salaam, akazifunika juu, akaziba matundu yote kwa matambara na kuilaza kila moja upande wake. Kwa nje hazikutofautika, na namba zilikuwa zimeliwa na kutu. Tofauti ilikuwa ndani: pistoni za injini isiyo na tabo hubana hewa zaidi. Ukiiongezea tabo, mafuta huwaka kabla ya wakati na pistoni huvunjika.

Kabla hajazipachika, jirani alifiwa, na uwanja wa fundi ukaombwa kwa matanga. Mtoro alikwenda makaburini. Wanawake wakasogeza vyuma, wakafagia, wakatandika mikeka. Matanga yalipoanuliwa, alikuta bloku moja kibla na nyingine baharini, kama alivyoziacha. Akazifunga magarini.

Ezmina alichukua gari lake Ijumaa, akashika barabara ya Msata. Fundi alimsihi asikanyage sana mafuta mpaka injini izoee.

Alasiri hiyo Mtoro alikuwa akinywa chai kwa shemeji yake Sikuzani. Katika kulalamikia mgongo, Sikuzani akayataja yale machuma waliyoyasogeza siku ya matanga. Wahida, mdogo wake, ameshikilia hadi leo kwamba kila chuma walikirudisha kilipotoka. Sikuzani hakubali, na maneno yake Mtoro anayakumbuka hivi:

"Tulirudisha tulivyoweza, shemeji. Hivyo vitu vyenu ni mapacha, nani angewajua kwa majina?"

Mtoro aliweka kikombe chini. Alimpigia Ezmina simu. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena na tena. Akilini aliliona gari likitoka kulipita lori la mananasi, mguu ukikandamiza, injini ikikwama katikati ya barabara na basi likija mbele. Alikodi pikipiki. Njia nzima, asimulia, alitazama lami akitafuta michirizi ya oili, na kila walipokuta watu wamesimama pembeni aliomba wawe wanunuzi wa mananasi tu.

Alipofika Kiwangwa aliliona gari limeegeshwa kwenye mabanda ya mananasi. Ezmina alikuwa akinusa tunda, simu ameiacha kitini.

"Shikamoo, fundi. Umenifuata hela ya soda?"

"Marahaba, mwanangu. Ulikanyaga?"

"Ulinikataza. Hata malori yamenipita, nimeona haya."

Mtoro alichuchumaa pale pale. Kisha akamweleza yote, matanga na mikeka, bila kuwataja wanawake. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyeamini mahali badala ya kufungua na kutazama. Ezmina aliuliza kama kuna njia ya kujua. Ilikuwepo: katika bloku za aina ile, ya tabo ina vimirija vinavyorushia oili chini ya pistoni, na nyingine haina.

Aliazima spana na beseni kwa fundi wa pale, akalala chini ya gari, akamwaga oili na kufungua sampu, lile bakuli la chini. Alipenyeza kidole kwenye kila silinda. Alipotoka, mkono mweusi hadi kiwiko, Ezmina alisoma jibu usoni mwake.

"Hakuna," alisema Mtoro. "Hakuna hata kimoja."

Ezmina akauliza juu ya mwalimu Khamis, ambaye sasa alikuwa na injini ya tabo katika gari lisilo na tabo. Fundi alisema lile litakuwa zito tu, hasa mlimani, halitamdhuru mtu.

Hapo ndipo Ezmina alipochukua simu kumpigia babake.

"Baba, nitachelewa. Mimi mzima na gari zima, ila tunarudi tukivutwa. Usimgombeze fundi, amekuja mwenyewe."

Mtoro alikaa juu ya rundo la makuti, akijaribu kufuta mkono.