Sahani Isiyogeuzwa

Simu ilikaa katikati ya meza kama mgonjwa, na Lumen alikuwa ameketi mbele yake tangu mvua ya jioni ilipokatika. Watu wa televisheni wa Manila walikuwa wamesema watapiga usiku ule kuhusu binti yake. Habari yenyewe ni ipi, hawakusema, na kwa Lumen mtu anayekwambia ana habari kisha asiiseme ameshakudanganya nusu.

“Mama Rhea, hata ukiikodolea macho hivyo haitataga,” alisema mumewe, Temyo. Alikuwa amenyoosha miguu kwenye benchi, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, maana umeme ulikuwa umekatika tena.

“Kwa nini wapige usiku? Mwenye habari njema hupiga mchana.”

“Mchana wako kazini.”

“Usiku ndio watu hufanya kazi wasizotaka zionekane.”

“Wewe hata padri akikubariki unachungulia mkono wake wa pili umeshika nini.”

“Na huwa umeshika nini?”

Temyo akacheka peke yake gizani.

Binti yao, Rhealyn, alikuwa ndani ya Bahay Tala, Nyumba ya Nyota, kipindi ambacho msimu ule nchi nzima ilikitazama kila jioni. Vijana waimbaji walifungiwa katika nyumba moja Manila, kamera zikiwaangalia hata wakipiga mswaki, na kila wiki watu walipiga kura kwa simu. Aliyepungukiwa kura alibeba begi lake akatoka. Rhealyn alikuwa amevuka wiki nyingi. Pale Atimonan, mji wao, walikuwa wametundika bango kubwa la uso wake mbele ya duka la Ditas, jirani yao, na madereva walipiga honi kila walipolipita.

Hapo ni kabla ya jioni ya Charmaine.

Charmaine alikuwa msichana wa Zambales, rafiki mkubwa wa Rhealyn mle ndani, wakilala kitanda cha juu na cha chini. Aliitwa kutolewa wakati wenzake wanakula chakula cha jioni. Televisheni ilimwonyesha akivuta begi huku analia, kisha ikamwonyesha Rhealyn mezani, kijiko mkononi, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Kesho yake nchi nzima ikamwita plastiki, yaani mtu wa kuigiza, asiye na moyo. Kufikia mwisho wa juma bango la Ditas lilikuwa limeshuka.

“Nimelipeleka kufuliwa, Ate,” Ditas alimwambia Lumen, akimwita dada mkubwa kwa heshima. “Vumbi la barabarani limemkaa usoni mtoto.”

“Linafuliwa wapi?”

“Kwa binamu yangu.”

Lumen alimwona Rhealyn wa bango siku ileile. Alikuwa nyuma ya duka, uso umelazwa chini, amefunika magunia ya mkaa. Alinunua chumvi, akahesabu chenji mara mbili mbele ya macho ya Ditas, akaenda zake.

Hakuzaliwa hivyo. Aliacha shule mapema kwenda kukausha mbata pamoja na mama yake, na siku moja akiwa ameinama kuokota ganda la nazi aliona kidole cha mguu cha mnunuzi kikiinua mizani kwa chini, mbata ipungue uzito. Mama yake alikuwa akimshukuru yule mtu. Tangu siku hiyo Lumen hakuamini tena mizani, wala kidole, wala shukrani. Alipoolewa alimchunguza Temyo mwaka mzima kabla ya kukubali kuwa ni mtu mwema. Alipoanza kuuza suman, wali wa kunata wa tui la nazi uliofungwa kwenye majani ya mgomba, aliyafunga mafungu yake kwa namna yake mwenyewe, ili mtu akiiba na kuuza kwingine, ajulikane.

Kwa hiyo kile kipande cha Charmaine hakukitazama kama watu wengine. Alimwomba mpwa wa Temyo amwonyeshee kwenye simu, tena na tena, na macho yake hayakuwa kwenye kicheko. Yalikuwa kwenye sahani.

Mtu akiondoka nyumbani wenzake wakiwa mezani, wanaobaki hugeuza sahani zao palepale zilipo, ili njia imtunze. Rhealyn alikuwa na ugonjwa wa jambo hilo. Tangu utotoni aligeuza sahani baba yake akitoka, mgeni akitoka, hata paka akitoka. Sasa rafiki yake anaondoka analia, na sahani ya Rhealyn imetulia. Mkono haukuigusa.

Basi ni moja kati ya mawili. Ama kile kicheko kilikuwa cha siku nyingine, cha mlo mwingine, wakakikata na kukibandika pale. Ama Manila imemla mwanangu, na aliyekaa pale ni mtu mwingine mwenye uso wake.

La kwanza lilimpandisha hasira. La pili lilimnyima usingizi. Na chini ya yote mawili kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Siku gari la televisheni lilipokuja kumchukua Rhealyn, walikuwa mezani wanakula dagaa wakavu na wali. Honi ilipolia, mtoto akaruka, na Lumen akaruka naye kumbebea begi. Temyo akageuza sahani yake. Ya Lumen ilibaki vilevile, dagaa nusu, kijiko kimeegemea ukingo. Alikumbuka gari lilipokwisha kukata kona.

Simu ikalia.

“Nanay Lumen? Mama Rhealyn? Ni Trixie wa Bahay Tala. Kesho asubuhi gari litakufuata. Uje peke yako.”

“Rhealyn hajambo?”

“Hajambo kabisa, Nanay. Tumewaandalia kitu kizuri sana.”

“Kitu gani?”

“Ah, hiyo ni siri.”

Lumen aliirudisha simu mezani kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika samaki ambaye hajui amevuliwa lini.

Asubuhi gari lilifika Temyo akiwa anakula. Aliishika sahani yake kwa mikono yote miwili, akaizungusha taratibu, yai la kukaanga likapita mbele yake kama gwaride.

“Nimegeuza,” alisema. “Usije ukadai mume wako hakugeuza.”

Lumen alimtazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akapanda gari.

Barabara ya kona za mlimani ilimtapisha, na msichana Trixie alimshikia mfuko bila kukunja uso. Walipofika Manila alimshusha kwa upole, akauchukua mkono wake akaugusisha kwenye paji la uso wake kwa heshima, kama mtoto wa nyumbani. Lumen aliurudisha mkono wake akauangalia. Msichana wa mji mkuu, kucha ndefu hivyo, anamwinamia muuza suman? Huyu ana jambo.

Jambo lenyewe aliambiwa chumbani, pamoja na wazazi wengine, mbele ya televisheni ndogo ukutani.

“Leo ni usiku wa mlango,” alisema Trixie. “Mtoto wako ataletwa mbele ya mlango, atabisha. Wewe utakuwa upande wa pili. Hajui ni nani yuko nyuma, na wewe huruhusiwi kusema neno. Ukifungua, unarudi naye nyumbani leo hii, na hapigiwi kura. Usipofungua, anabaki ndani, na Jumapili anakabiliana na kura kama wengine.”

“Na kura za Rhealyn zikoje?”

Trixie aliinamisha macho. “Nanay, unajua watu wanavyosema huko nje.”

“Nijibu nilichouliza.”

“Mbaya. Ni mbaya sana.” Akasogea karibu. “Ningekuwa wewe ningemfungulia. Mtoto amechoka. Mtakumbatiana, mtalia, watu watamsamehe. Itapendeza.”

Itampendeza nani? Lumen alilimeza swali hilo kwa sababu jibu alilijua. Lakini maneno mengine ya msichana yalimwingia hata hivyo. Mtoto amechoka. Huenda ni kweli. Akimwacha, Jumapili nchi nzima itamtoa kwa matusi, na yeye mama yake atakuwa alikuwa na kitasa mkononi. Na kama yule wa mezani si Rhealyn tena, si bora kumtoa leo kabla hajaliwa akaisha?

Wakaletewa chakula, wali na kuku wa siki na mchuzi wa soya. Baba mmoja wa Pangasinan, mtu mnene mwenye huruma, akamsogezea Lumen sahani.

“Kula, dada. Utafungua mlango kwa nguvu gani?”

“Wewe utafungua?”

“Mimi mwanangu amenitumia ujumbe kwa macho tangu wiki ya pili. Nitolee hapa, baba. Ninafungua hata kwa teke.”

Kwenye televisheni ya ukutani vijana walikuwa mezani nao, wanakula. Rhealyn alikaa mwisho, amekonda, nywele zimefungwa juu. Hakuwa anacheka. Lumen aliangalia kwa muda, kisha akamgeukia Trixie.

“Hii ni ya sasa hivi?”

“Ya sasa hivi, Nanay. Nyumba iko hapo ng’ambo ya ua.”

“Nitajuaje?”

Yule baba wa Pangasinan akacheka ndani ya wali wake. “Dada, wewe ungemwomba hata Mtakatifu Petro kitambulisho.”

“Ningemwomba,” alisema Lumen.

Ndipo mvua ikashuka. Ilipiga bati la paa juu yao kwa ghafla, kama mtu aliyemwaga kokoto, na wazazi wote wakainua vichwa. Kwenye televisheni, ng’ambo ya ua, vijana wote wakainua vichwa pia. Rhealyn alitazama dari, mdomo wazi kidogo, kama alivyofanya nyumbani tangu mtoto, akingoja kuona kama itavuja.

Basi ni ya sasa hivi. Lumen akakaa mbele zaidi.

Sauti ikaita kijana wa kwanza, yule wa Pangasinan. Akasimama, akajifuta mdomo, akatoka. Wenzake walimwangalia, mmoja akampigia makofi. Lumen hakuwaangalia hao. Aliangalia mwisho wa meza.

Rhealyn aliweka kijiko chini. Aliishika sahani yake ukingoni, akaitazama ile nafasi tupu ya mwenzake, akaigeuza. Hakuigeuza kwa ajili ya kamera, kwa sababu kamera ilikuwa imeanza kumfuata yule anayetoka, na ni pembe tu ya picha iliyobaki kwake. Alimaliza kuizungusha, akaisawazisha, akashika tena kijiko.

Lumen hakusikia baba wa Pangasinan akiondoka, wala kelele zilizofuata alipofungua mlango wake. Kifuani kitu kilichokuwa kimekaza kwa siku zote zile kilikuwa kimelegea, na nyuma yake kikaja kitu kingine, cha baridi na safi. Basi walikata. Walichukua kicheko cha mlo mwingine wakakibandika kwenye machozi ya mtoto wa watu. Na hawa ndio wanaoniambia nifungue.

“Rhealyn,” ikaita sauti.

Mtoto akasimama. Pale mezani hakuna aliyegusa sahani. Walikuwa watoto wa mjini, labda hawakufunzwa. Lumen aliitazama sahani yake mwenyewe, wali na kuku ambavyo hakuwa amevigusa. Akaweka mikono miwili ukingoni. Akaigeuza polepole, mzunguko mzima, mpaka paja la kuku likarudi lilipokuwa. Kwa leo, na kwa siku ile ya dagaa.

“Nanay, twende,” alisema Trixie.

Alisimamishwa nyuma ya mlango mweupe, taa kali juu, kamera moja kulia. Kitasa kilikuwa cha dhahabu ya kupakwa. Rangi ilikuwa imechubuka kidogo chini. Trixie alisimama pembeni nje ya picha, akimfanyia ishara ya mkono, zungusha, zungusha.

Nyayo zikaja upande wa pili, zikasimama. Kisha kugonga, kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba moto.

“Hodi,” alisema Rhealyn. “Wenyewe wapo?”

Neno “karibu” lilimjaa Lumen kinywani lote. Miaka yote mtoto huyu aliitikiwa kabla hajamaliza kupiga hodi. Akauma mdomo. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitasa bila yeye kuutuma, na chuma kilikuwa cha moto kwa ajili ya taa.

Alifikiri habari ya Jumapili. Alifikiri habari ya bango juu ya mkaa. Nikimtoa leo, watasema mama yake alimficha na aibu yake, na kile kicheko cha kubandika kitakuwa chake mpaka kuzeeka. Na sikumsikia akisema amechoka. Aliyesema ni huyu mwenye kucha.

Mtoto aliyegeuza sahani pembeni mwa picha, akidhani hakuna anayemwona, hajaliwa.

Akauondoa mkono kwenye kitasa. Akauweka wazi kwenye ubao wa mlango, pale alipokadiria kuwa kichwa cha mwanawe kingekuwa, akauacha hapo.

Trixie aliacha kuzungusha mkono. Muziki uliokuwa umepandishwa ukaendelea kidogo, ukakosa pa kwenda, ukashushwa.

Upande wa pili Rhealyn hakubisha tena. Lumen alisikia, au alidhani amesikia, pumzi ndefu ikitolewa kama ya mtu aliyetua mzigo. Kisha nyayo zikageuka, zikarudi zilikotoka, hazikukimbia, hazikujikokota. Mlango ukabaki umefungwa.