Gramu Ishirini Nukta Nane

Celestine Aoko alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari ukingoni mwa mtaa wa Nyalenda, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaona walimu saba wa kemia wakija na kuondoka. Watano aliwavumilia. Mmoja alimheshimu. Wa saba, Bwana Shitanda, hakumpa hata wiki moja ya kumzoea. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na tai yake ndefu, akamuuliza kama yeye ndiye mama wa usafi.

Celestine alisomea kazi yake chuoni kwa karo ya mama yake, aliyeuza mitumba soko la Kibuye mpaka magoti yakamgoma. Hakuona haja ya kumweleza hayo mtu aliyekuwa akishika mizani kama anashika sahani ya ugali. Alimwambia tu kwamba ufagio uko nyuma ya mlango, kama anauhitaji.

Muhula wa pili kidato cha nne walipangiwa mtihani wa vitendo. Shitanda akamletea karatasi: apime gramu ishirini nukta nane za bariamu kloridi, aziyeyushe mpaka zitimie lita moja, ipatikane moja ya kumi ya moli. Celestine alisoma karatasi mara moja tu. Moli moja ya chumvi hiyo ikiwa kavu kabisa ni gramu mia mbili na nane, hilo ni kweli. Lakini chumvi iliyokuwa kabatini haikuwa kavu. Fuwele zake zilibeba maji ndani, na moli yake ilikuwa na uzito wa gramu mia mbili arobaini na nne. Ilikuwa imeandikwa kwenye chupa. Zilihitajika gramu ishirini na nne nukta nne.

Alimweleza kwa upole, upole ambao baadaye aliujutia. Shitanda hakuitazama hata chupa.

"Madam, kazi yako ni kupima," alisema. "Kufikiri niachie mimi."

Basi akapima. Ishirini nukta nane, bila kupunguza wala kuongeza punje, na karatasi ya mwalimu akaitia mfukoni mwa koti. Alitaka Shitanda aanguke. Kwamba wangeanguka watoto kwanza, hilo hakulifikiria.

Siku ya mtihani makundi manane ya wanafunzi yalichota kila moja mililita hamsini za maji hayo ya chumvi, yakatia sodiamu salfeti, yakachuja ule unga mweupe ulioshuka chini, yakaukausha na kuupima. Shitanda alitarajia gramu moja nukta moja saba. Wao walipata sifuri nukta tisa tisa, au karibu na hapo, wote. Aliwapa wote sifuri, akatumia nusu ya kipindi kuwaeleza kwamba wamemwaga kwa uzembe.

Msichana mmoja aitwaye Sheryl aliinua mkono, akauliza imekuwaje makundi manane yamwage kiasi kilekile. Alitolewa darasani na kuambiwa arudi na mzazi.

Celestine alisikia yote akiwa kwenye chumba cha dawa, na uso ukamwaka kwa aibu. Kesho yake asubuhi akaenda kwa mwalimu mkuu, Madam Valarie, akamwomba aje maabara dakika arobaini pamoja na Bwana Shitanda.

Mbele yao alipima gramu mbili nukta nne nne za ile chumvi kwenye kikombe cha kaure, akaipasha moto wa gesi, akaiacha ipoe. Mizani ikasoma mbili nukta sifuri nane. Akaipasha tena, haikubadilika. Kilichopotea ni nukta tatu sita, maji, yaani moli nukta sifuri mbili. Kilichobaki ni chumvi, moli nukta sifuri moja.

"Kila moli ya chumvi hii inabeba moli mbili za maji," alisema. "Mwalimu alihesabu maji akadhani ni chumvi. Watoto walipima sawasawa."

Kisha akaitoa ile karatasi mfukoni, akaiweka mezani.

Madam Valarie aliisoma, akamsukumia Shitanda. Shitanda alisema maandishi ya chupa ni madogo sana.

Alama zilirudishwa siku hiyohiyo, na Sheryl aliambiwa mzazi asisumbuke kuja. Celestine alimfuata hadi uwanjani, akamwambia kwamba yeye mwenyewe alijua mapema na alinyamaza. Msichana akasema afadhali amesema. Lilikuwa jibu la huruma zaidi kuliko alivyostahili.

Shitanda hakuomba radhi. Ijumaa, kwenye gwaride la shule nzima, alitangaza kwamba idara yake imegundua dosari katika dawa zinazoletwa shuleni, na walimu wenzake wakampigia makofi. Mwaka haujaisha akapandishwa cheo, awe naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja huko Sondu. Walimfanyia sherehe ya kumuaga, na yeye akahutubu kwa nusu saa kuhusu umakini. Celestine alikaa safu ya mbele, akala vipande viwili vya keki yake, akaenda zake kufunga gesi.