Koku na Sahani ya Senene

Wenzangu mliokulia vijiji vya Rubafu enzi zetu, wakati redio ya jirani ilikuwa redio ya kila mtu, mtakumbuka jinsi siku zilivyokuwa ndefu. Tulicheza mpira wa majani makavu ya mgomba mpaka ukafumuka katikati ya mchezo, na aliyekuwa karibu na goli akadai kwamba kipande alichokipiga yeye ndicho kilichokuwa mpira wenyewe. Tulirudi nyumbani tumechafuka, tukapakuliwa ndizi zilizopikwa na maharage, zikiwa bado zinafuka moshi juu ya jani. Tulikaa chini, kwenye majani mapya ambayo Mama alikuwa ameyatandika sebuleni, na nyumba nzima ilinukia kama shamba lililonyeshewa.

Tulipokuwa wadogo kabisa, ubaya ulikuwa kitu kimoja tu: kile ambacho ukikamatwa nacho unachapwa. Kukwea mibuni ya jirani na kupukutisha kahawa mbichi kulikuwa vibaya kwa sababu Mama alikuwa na fimbo. Mama akienda sokoni, ubaya nao uliondoka naye. Tukakua kidogo, tukaanza mafundisho ya komunyo ya kwanza, na ubaya ukawa kile kilichokatazwa na wakubwa. Kwetu wakubwa hao walianza na Tata, kwa sababu baba yetu huyo ndiye aliyekuwa katekista wa kigango. Ukiuliza kwa nini jambo fulani ni baya, uliambiwa ni baya kwa kuwa limekatazwa. Tuliridhika. Nadhani mimi ningeridhika mpaka leo, kama si dada yangu Kokushubira, tuliyemwita Koku.

Koku alikuwa na miaka kama kumi na moja, amenitangulia kidogo tu. Mwezi wa Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa, waliposhuka, hakuna mtoto aliyempita kwa kuwakamata. Tulitoka alfajiri kwenda rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo juu ya kijiji, kabla jua halijakausha umande, maana senene mwenye mbawa zilizolowa harukiruki. Sisi wavulana tulikimbia huku na kule tukipiga kelele. Koku aliinama na kunyamaza, akawa anachuma kama mtu anayechuma mboga. Tuliporudi, kibuyu chake kilikuwa kimejaa, changu kina senene wachache tu chini na majani mengi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya wanawake. Koku na Mama waliketi kunyonyoa mbawa na miguu mpaka vidole vikawa na rangi ya kijani. Mama akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, na ile harufu, jamani, ilitufanya tumeze mate hata tulipokuwa kisimani. Kisha sahani ikaja, ikawekwa mbele ya Babu, aliyekuja kula kwetu kutoka nyumba yake ya jirani, Tata na mimi. Mama, Kaaka bibi yetu, na Koku hawakula. Mwanamke wa Kihaya hakula senene. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeliona kuwa jambo la ajabu, kama vile hakuna anayeshangaa kwamba jogoo hatagi.

Siku moja Koku alisimama mlangoni na vidole vyake vya kijani. Akauliza, bila ukali wowote, "Babu, kwa nini mimi sili?"

Babu alicheka. "Ukila senene, utakuja kuzaa watoto wenye vichwa vilivyochongoka kama vyao."

Koku akafikiri kidogo, kisha akajibu kwa heshima. "Mke wa mwalimu mkuu anakula, waitu. Nimemwona. Na watoto wake wana vichwa vya mviringo. Huyu mdogo kichwa chake ni cha mviringo kuliko cha huyu," akanionyesha mimi.

Kaaka aliinamisha uso kuficha kicheko. Babu hakucheka tena. "Mke wa mwalimu ametoka mbali, ana mila zake. Toka lini mtoto wa kike akahoji mila kwetu?" Akamgeukia Tata. "Mwanao huyo. Mfunze."

Mimi nilikwisha kuitazama fimbo ya mbuni iliyoegemezwa ukutani. Mama naye aliitazama. Tata alikuwa mtu aliyejibu maswali ya kijiji kizima, kuanzia ya ubatizo mpaka ya mipaka ya vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba. Akaweka chini senene aliyekuwa amemshika, akasema, "Koku, swali lako nimelisikia. Jibu lake silijui. Nipe muda nitafute."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akimwambia mtoto kwamba hajui.

Tangu jioni hiyo Tata hakugusa senene. Sahani ilipita mbele yake akaisogeza kwetu. Jumapili, baada ya ibada, alibaki nje ya kigango akiongea na wazee, mmoja baada ya mwingine, sisi tukimsubiri juani. Alipofika nyumbani alituita sote, Babu akiwepo.

"Nimeuliza," alisema. "Kila mzee ameniambia kwamba naye aliambiwa. Hakuna anayejua sababu. Mimi siwezi kumkataza mtoto chakula alichokikamata kwa mikono yake, halafu niende kufundisha watu haki." Akaichukua sahani ya senene wa siku hiyo, akaiweka mbele ya Koku. "Kula, mwanangu."

Mngetegemea aikimbilie. Koku aliitazama ile sahani, akaunganisha mikono mapajani. "Na Mama je? Na Kaaka?"

Mpaka leo naikumbuka sauti yake. Alikuwa amepewa alichokidai, na bado alihesabu nani mwingine hajapewa. Hakuna katekisimu iliyomfundisha hilo.

Babu alinyanyuka, akachukua mkongojo wake, akaondoka bila kuaga. Mama alisita, akamtazama Tata, kisha akachukua senene mmoja, akatafuna taratibu macho yakiwa chini. Ghafla akainua uso. "Kumbe hiki ndicho mlichokuwa mnatuficha!" Tulicheka mpaka Tata akafuta machozi. Kaaka alikataa. Alisema mdomo wake umeshazeeka bila senene, sisi tule. Lakini alimsogezea Koku sahani kwa mkono wake mwenyewe.

Kicheko hicho kilikuwa na gharama. Babu hakukanyaga kwetu mpaka Krismasi ikapita, na pale kigangoni wapo waliomnong'ona Tata kwamba ametawaliwa na binti yake. Tata alikwenda kumsalimia Babu kila asubuhi kama kawaida, akapiga magoti, akapokelewa kwa mguno, akarudi. Hakuomba radhi kwa alichokitenda, wala hakuacha heshima. Msimu uliofuata, Babu alikuja kibanjani na mzigo mdogo uliofungwa kwa jani la mgomba. Akampita Tata, akanipita mimi, akamkabidhi Koku. "Mle na mama yako," alisema, akaomba maji ya kunywa. Ndani mlikuwa na senene.

Wazee hao wote wamelala sasa. Mimi naishi Buhembe, na ninapopita mjini naona senene wakiuzwa kwenye paketi, wametiwa pilipili, wamekamatwa na wafanyabiashara kwa taa kali na mapipa. Watoto wetu wanatafuna huku macho yako kwenye simu, na wakiwa na swali simu inawajibu kabla hawajamaliza kuliuliza. Siwalaumu sana. Sisi tuliona nani ameinama kwenye umande, nani amenyonyoa, nani amekaanga na nani amekula, yote katika nyumba moja. Haki ilikuwa inapita mbele ya macho yetu kwenye sahani. Wao watajifunzia wapi?

Koku ni muuguzi Muleba, na kila Novemba bado ananunua senene wabichi, gunia zima. Mwaka jana nilimkuta jikoni kwake amewakalisha wanawe wa kiume, vijana wenye ndevu, wananyonyoa mbawa huku wakinung'unika. Mmoja akasema, "Mama, si tungenunua tu wa paketi?"

Dada yangu hakuinua hata kichwa. "Ukinunua wa paketi," akamwambia, "utajuaje nani amechoka?"