Nyumba ya Mwizi wa Mbuzi

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nilipoolewa karibu na Kabati, miaka ya sabini, haikuchukua muda jirani zangu kujua kwamba nikikasirika sufuria zinasikika hadi kwao. Kwa hiyo ukinisikia namsifu mtu, jua amenishinda. Aliyenishinda ni mama mkwe wangu. Nilimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na ndiye aliyeongoza mwethya wetu, kikundi cha akina mama tuliokuwa tukichimba matuta pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule.

Jirani yetu mmoja alifungwa kwa kuiba mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa wa Mwaitu. Alipotoka jela alikuta ndugu zake wameuza kipande chake cha shamba na nyumba yake wameibomoa. Akawa analala kwenye veranda ya kinu cha posho cha kusagia mahindi pale Kabati. Siku hizo kulala nje lilikuwa kosa, uzururaji walivyouita. Askari walimkamata, akafungwa, akaachiliwa, akarudi palepale kwenye veranda. Yaani mtu anafungwa kwa kukosa nyumba, halafu anaambiwa nenda nyumbani! Hadi leo damu inanichemka. Mwishowe chifu akampa mpaka mvua ianze: awe na kwake, au arudishwe ndani, na safari hiyo hakimu hatamhurumia. Alikuwa amekonda, anakohoa. Sote tulijua kwamba akirudi jela hatutamwona tena.

Wakati huo kulikuwa na mama mmoja mzungu aliyezunguka Kitui na Makueni na pesa za wafadhili wa ng'ambo, za kuwajengea watu wasio na makao. Yeye alileta mabati, misumari na mlango, nyinyi mtoe kiwanja, matofali na nguvu zenu. Mwethya wetu uliahidiwa nyumba moja, tuchague wa kumjengea.

"Tutamjengea yule wa mbuzi," Mwaitu akasema.

Asi! Kelele zilizopigwa pale!

"Yule mwizi?"

"Mwizi wangu. Aliiba kwangu, hakuiba kwenu."

Lakini mwethya haukwenda kwa mtu asiyewafanyia wenzake kazi. Hata ukiwa mgonjwa, ulimtuma mtu ashike jembe kwa niaba yako. Basi Mwaitu akaenda Kabati, akamtoa kwenye veranda, akampa pa kulala ghalani kwake na jembe la kuamkia, akampanga katikati yetu. Mwanaume mzima kwenye mstari wa wanawake wanaoimba! Wapita njia walicheka wakashika mbavu, na wengine wetu walisogea mbali naye kana kwamba angewaibia leso mabegani.

Alichimba vizuri, jela ilikuwa imemfundisha jembe. Lakini kila kitu aliombea ruhusa. "Mama, naomba maji." "Mama, naomba nikae." Mwanzoni tulicheka. Baadaye tuliacha.

"Mtungi ule pale," Mwaitu alimkaripia. "Kwani maji ni ya askari?"

Yule mama mzungu alipofika, wazee wa kanisa walikuwa wameshampelekea maneno. Alisema kwa upole, kwa Kiswahili kizuri kushinda cha wengi wetu, kwamba waliochanga pesa walitaka zimsaidie mtu mwenye tabia njema. Mwaitu hakupandisha sauti.

"Mbuzi walikuwa wangu," akasema. "Alishtakiwa, akafungwa, akamaliza. Na mimi nimemaliza. Hao wa ng'ambo waliibiwa nini?"

Yule mama akauliza matuta aliyochimba huyo mtu ni yapi. Hapo ndipo nilipowapenda wanawake wenzangu, maana hata wale waliosogea mbali naye walianza kuonyesha kwa vidole: hili, na lile la juu, na lile kwangu mimi! Akayapitia yote kwa miguu, juani, viatu vikijaa udongo. Aliporudi akamwambia Mwaitu, "Nitawaandikia hivyo hivyo ulivyosema."

Haukupita muda lori likaleta mabati. Nimeona wafadhili wengi maishani, wengi masikio wameyaacha kwao. Huyu alikuja na yake. Baadaye nilisikia pesa hizo zimewaezekea nyumba wengine waliotoka jela, hadi upande wa Wote.

Tulijenga kwenye kona ya shamba la Mwaitu, palepale lilipokuwa zizi la wale mbuzi. Siku ya kuhamia Mwaitu alibeba makaa kutoka jikoni kwake kwa kigae, akamwashia moto, vile mama humwashia mwanawe. Mimi nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Asubuhi yake kulikuwa na wingu zito. Nikampelekea uji, nikakuta mlango umefungwa.

"Toka basi, uji unapoa!"

"Nipo," akajibu kutoka ndani. Kisha, polepole, "Hakuna aliyekuja kunifungulia."

Komeo lilikuwa upande wake! Nikakimbia kumwita Mwaitu. Alikuja, akakaa juu ya tofali lililobaki, akasema, "Mlango ni wako. Sisi tunakungoja hapa." Nilitaka kuusukuma, akanivuta leso nikae.

Tulikuwa bado tumekaa, matone ya kwanza yakigonga mabati, askari wawili walipofika na marungu. Walikuwa ndio wale wale wa veranda. Mmoja akauliza yule mzururaji yuko wapi, na bila kungoja jibu akainua rungu augonge mlango. Mwaitu hakuinuka.

"Piga hodi," akamwambia. "Umefika kwa mtu."

Askari alimtazama, akatazama mabati mapya, akatazama moshi uliokuwa ukitoka ndani. Akateremsha rungu. Akakohoa kidogo.

"Hodi," akasema.

Kisha tukasikia komeo likivutwa, kwa shida, likikwama, likivutwa tena. Mlango ukafunguka. Akasimama pale kizingitini, akawatazama askari usoni.

"Karibuni," akasema. "Karibuni kwangu."