Gamba Ndani ya Pipa la Mchele

Nikinusa kafuri, narudi katika duka la jirani yetu Mhindi, Bujumbura, wakati wa vita. Kila Ijumaa alifukua gamba jeupe la konokono wa baharini kutoka kwenye pipa la mchele, akaliosha kwa maziwa, akalipamba kwa maua, akalichomea kafuri na kumwomba mungu wake wa kike alete neema nyumbani. Watu wawili tu tulikuwa tumeliona, mama na mimi.

Mtaani walinong'ona kwamba duka lake haliporwi kwa sababu anashirikiana na waasi. Mama naye alianza kusema hivyo.

Alasiri moja wanajeshi waliingia dukani, wakaenda moja kwa moja kwenye pipa lile, wakaondoka na gamba wakiliita hirizi ya waasi. Jirani akaja jikoni kwetu, mikono imejaa vumbi la mchele.

"Dada, nani aliwaambia iko mu muchele?"

"Mi sijui. Batu banasema mingi," mama alijibu, akikoroga maharage.

"Batu apana jua ile pipa."

Mwiko ukasimama. Mama hakuinua macho. Jirani alipoondoka, mama aliniambia nifunge mlango wa uani, ule tuliokuwa tukipitia kwenda kwake. Hatukuufungua tena.